Noti moja ya elfu kumi Mwanza: raha ndogo nilizozipanga kwa daraja

Kila mshahara ukiingia natoa shilingi 10,000 pembeni kabla sijagusa kodi, luku na ada. Hiyo haiingii kwenye unga wala mafuta ya kupikia. Ni ya kujipendezea. Nimeitembeza noti hiyo Mlango Mmoja, Makoroboi, Soko Kuu na Mwaloni Kirumba kwa muda wa kutosha kujua kwamba kitu cha bei ndogo ukikichagua ovyo kinakuudhi mara mbili: hela imeenda, na hamu imebaki palepale. Ndiyo maana hapa chini nimeeleza zaidi namna ya kuchagua kuliko bei, maana bei ya sokoni leo si ya kesho. Daraja nimelipanga kwa kipimo kimoja, raha inadumu muda gani kwa hela niliyotoa.

Namba moja, na sijayumba hapo, ni shuka la mtumba la pamba. Anayeishi vilimani, Mabatini au Igogo, anajua yale mawe yanavyobeba joto la mchana na kulirudisha usiku. Shuka jipya la nailoni linalong'aa dukani, lenye maua makubwa, litakuganda mgongoni saa sita za usiku. Pamba inanyonya jasho, na pamba iliyofuliwa mara nyingi huko ilikotoka inakuwa laini kuliko mpya yoyote ya bei hiyo.

Nenda Mlango Mmoja. Asubuhi wanapofungua belo ndipo utakuta mazuri, lakini bei nayo iko juu. Jioni bei inashuka na yaliyobaki ni ya kupekua kwa subira. Mimi huenda asubuhi. Tafuta lebo kwenye pindo: ikiandikwa cotton, coton, cotone au Baumwolle, yote hayo ni pamba, inategemea shuka limetoka nchi gani. Lebo ikiwa imekatwa, muombe muuzaji uchomoe uzi mmoja pindoni na uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa plastiki unayeyuka na kujikunja kuwa kipunje kigumu. Kisha litandaze kuelekea mwanga na uangalie katikati, si kwenye pindo. Katikati ndiko mwili ulikolala, na shuka likianza kuchoka linaonyesha mwanga pale kwanza. Lastiki ya pembeni ikiwa imelegea usiliache, fundi wa cherehani atakutilia nyingine kwa hela kidogo. Na beba kamba uliyopimia kitanda chako, kwa sababu kukisia kwa macho kunadanganya: nina shuka moja zuri sana ambalo halifiki miguuni. Likifika nyumbani liloweke kwenye maji ya moto na sabuni, lianike juani, lipige pasi. Usiku wa kwanza utanielewa.

Namba mbili ni dagaa, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu watu wa Mwanza tumewazoea mno hadi tunawanunua bila kuwaangalia. Najua wapo wanaoapa kwamba dagaa wa Kigoma ndio dagaa. Ni watamu, sibishi, na ni samaki wa aina nyingine kabisa. Lakini dagaa wa ziwa letu aliyeanikwa vizuri, akakaangwa akakauka, akakamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili, ni kitafunwa ambacho sijaona cha kukishinda kwa bei yake.

Kila kitu kinaanzia kwenye kuanika. Aliyeanikwa mchangani anakuja na mchanga wake, hata umuoshe mara tano. Aliyeanikwa juu ya chanja, upepo ukapita chini na juu, anakauka sawasawa na anabaki msafi. Ukifika Mwaloni, uliza wa chanja. Usitosheke na jibu; chota kiganja kimoja, sugua juu ya karatasi au kitambaa cheupe, uone kinachodondoka. Niliwahi kununua sado nzima kwa kuamini maneno, nikaila wiki mbili huku meno yakisaga changarawe. Baada ya mchanga, angalia rangi. Mzuri anang'aa fedha, kichwa kipo, ukimkunja anakatika. Aliyegeuka njano au kahawia alinyeshewa au alikaa sana, na mafuta yake yameshachacha: atakuwa mchungu hata umkaange na nini. Wakati wa mvua kuwa mkali zaidi, kwa sababu jua la kuanikia linakuwa la kuvizia.

Kuna jambo la mwezi pia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri gizani. Mbalamwezi ikiwa imewaka wavuvi wengi hupumzika, basi dagaa huadimika na bei hupanda. Mimi huangalia juu kwanza kabla ya kuangalia mfuko. Giza likirudi nasubiri siku mbili tatu wakauke, ndipo naenda na kapu langu.

Namba tatu ni matobolwa, na hii ni kwa ajili ya moyo wangu zaidi. Mgeni huyachanganya na michembe. Vyote ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ila michembe hukaushwa vibichi, kwa hiyo lazima ukavipike, na matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakakatwa na kuanikwa. Matobolwa unayatafuna hapohapo. Ni magumu kidogo mwanzoni, kisha sukari ya kiazi inaanza kutoka polepole, na ukichanganya na karanga za kukaanga mdomoni hutaki kuzungumza na mtu.

Kwa mama ninayenunua kwake, maamkizi huja kabla ya bei.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, mwanangu. Leo nimeleta yale mekundu.”

Anaposema mekundu anamaanisha yaliyotokana na viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Watoto wanayapenda. Mimi nabaki na ya viazi vyeupe, yana unga zaidi na utamu wake hauchoshi. Vyovyote utakavyochagua, kivunje kipande kimoja uone ndani. Vitundu vidogo na vumbi maana yake fukusi wameshaingia, na fungu zima litakuwa hivyohivyo. Nusa pia: yaliyopata unyevu yana harufu ya ukungu hata kama macho hayaoni kitu. Mapya huanza kuonekana mvua zikishakatika, viazi vikivunwa na jua likiwa la uhakika. Ukinunua mengi weka kwenye ndoo yenye mfuniko, pakavu.

Kama una nafasi, kula fungu la karanga na matobolwa ukiwa umekaa ufukweni jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck. Hapo utakuwa umetumia sehemu ndogo sana ya ile noti.

Namba nne inavuka mpaka wa elfu kumi mara nyingi, lakini naivumilia kwa sababu naitumia kila siku: chupa ya chai, ile ya kioo ndani. Nazungumzia ndogo, ya kubeba kazini. James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, ndiye aliyeibuni mwaka 1892, na siri yake bado ni ileile: kuta mbili za kioo, katikati pametolewa hewa. Hewa ikiingia, umenunua jagi. Kwa hiyo usinunue kwa kupenda ua lililochorwa nje. Fungua, elekeza mdomo wa chupa kwenye mwanga, uone kama fedha ya ndani imeenea bila madoa meusi. Itikise kidogo, isilie ndani. Dukani wakikubali, mimina maji ya moto, funga, subiri dakika kumi, kisha shika ubavuni. Ukisikia joto kwa nje, irudishe. Nyumbani isuuze kwa maji ya moto kabla ya kutia chai, na ijaze, kwa maana chupa iliyojaa nusu hupoa mapema. Asubuhi ukiitia chai ya tangawizi, saa nane mchana unakunywa chai, huombi maji ya moto kwa mtu.

Namba tano, kahawa ya kutafuna kutoka Bukoba. Wahaya huichemsha na majani ya viungo kisha huikausha, na mgeni akifika hukaribishwa nayo. Mwanza inapatikana kwa urahisi kwa sababu ya meli. Ichague kavu, yenye harufu ya kupendeza, isiyonata vidoleni. Punje mbili tatu zinatosha kukuamsha baada ya chakula cha mchana. Jioni usiguse kama unataka kulifaidi lile shuka.

Senene nimewaweka mwisho, na rafiki zangu wa Kagera wananilaumu. Utamu wanao. Tatizo ni bei, inayowatoa kwenye raha ndogo na kuwaingiza kwenye sherehe. Kama lazima, subiri msimu wao, Novemba na Desemba au kuelekea Aprili na Mei, ununue kipimo kidogo walioondolewa mabawa na miguu. Omba kuonja mmoja. Akivunjika mdomoni kwa mlio, nunua. Akitafunika kama ngozi, mshukuru muuzaji uendelee na safari.