Miezi minane na Excel iliyounganishwa na kanzidata: uzoefu wangu

Duka letu la vipuri vya magari liko Gerezani, Kariakoo. Tuna kompyuta tano, ruta moja, na zamani tulikuwa na faili la stoo ambalo kila mtu alikuwa na lake. Tuliliweka kwenye folda ya pamoja, lakini ukilifungua unaambiwa mwenzako ameshalifungua, wewe soma tu. Basi mtu ananakili, anafanyia kazi nakala yake, na jioni unakuta "stoo mpya", "stoo mpya 2" na "stoo mpya ya kweli". Siku ya kuhesabu mzigo, kaunta walikuwa na filta za oili 40, mimi wa uhasibu nina 17, rafuni zipo 22. Mzee mwenye duka akasema imetosha.

Fundi aliyekuja hakututoa kwenye Excel, na kwa hilo namshukuru. Aliweka PostgreSQL, programu ya kanzidata (ghala moja la data ambalo wote tunachota humo) isiyo na ada ya leseni, kwenye kompyuta moja iliyogeuzwa seva, yaani ya kuwahudumia wengine. Mauzo na mzigo unaoingia tunaandika kwenye ukurasa mdogo unaofunguka kwa kivinjari. Excel ya kila mmoja inavuta data kutoka humo kupitia ODBC, njia ya kawaida ya kuunganisha programu na kanzidata: unabonyeza Refresh All, jedwali linajaa upya.

Kuunganisha kulichukua siku mbili, na karibu yote ilikuwa kuhangaika na vitu vidogo. PostgreSQL ikiwa mpya husikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Lazima uiruhusu isikilize mtandao, utaje kompyuta zipi zinakaribishwa, kisha ufungue poti 5432, mlango wa mtandao ambao PostgreSQL hutumia, kwenye fayawoli (ukuta wa ulinzi) ya Windows. Tukafika kwenye kompyuta ya Mzee, ikagoma. Excel yake ilikuwa ya biti 32, draiva ya ODBC tuliyoweka, yaani programu ndogo ya kuunganishia, ni ya biti 64, na hizo mbili hazionani hata ziwe mashine moja. Windows ina dirisha mbili za kupanga ODBC, moja kwa kila aina, na cha kuchekesha, faili la ile ya biti 64 linaitwa odbcad32. Fundi alicheka, mimi nilikuwa nimeshachoka.

Baada ya hapo mambo yakawa matamu. Salio la stoo likawa moja. Namba za simu za wateja, ambazo tukiziandika kwenye Excel zilikuwa zinapoteza sifuri ya mbele, sasa zinakuja kamili kwa sababu kwenye kanzidata safu hiyo imewekwa kuwa maandishi. Na mtu akifungua jedwali lake hamfungii mwenzake nje.

Sasa nije kwenye lililotuaibisha. Data inakuja upande mmoja tu. Ukibadilisha bei kwenye seli, kanzidata haina habari, na ukibonyeza Refresh ile bei yako inafutika. Hilo tulilijua mapema. Ambalo hatukulijua ni la safu za pembeni. Dada wa kaunta alikuwa na orodha ya wadaiwa iliyovutwa kutoka kwenye kanzidata, akaongeza safu yake kulia: "kalipa nusu", "atakuja Ijumaa", "hapokei simu". Wateja wapya watatu wakaingia, orodha ikajipanga upya kwa majina, lakini maelezo yake yakabaki kwenye mistari ileile. Akampigia fundi gareji mmoja wa Ilala, mteja wetu wa miaka, akamkalia kooni kwa deni ambalo alishamaliza. "Dada, risiti yako mwenyewe ninayo mkononi." Mzee ilibidi aende kwa miguu yake kuomba radhi. Tangu siku ile maelezo yana sehemu yake ndani ya kanzidata, na pembeni ya jedwali la kuvutwa hakuna anayeandika kitu.

Jingine ni umeme. Ulikatika mchana, ukarudi, ruta ikawaka na kuipa seva anwani nyingine ya mtandao. Excel zote zikawa zinatafuta mahali pa zamani. Tulipoteza saa nzima tukidhani kanzidata imekufa, kumbe imehama nyumba tu. Fundi akaipa anwani ya kudumu kwenye ruta na tukanunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwa ajili ya seva. Ungekuwa ushauri wa siku ya kwanza huo, lakini ndiyo hivyo.

Niupe mfumo huu nini? Kati ya nyota 5, nne. Kwa ofisi ya watu wachache wanaojua Excel na hawataki kujifunza mfumo mzima, inafaa sana, mradi mwambie fundi akutengenezee mtumiaji wa kusoma tu kwa ajili ya hizo Excel, ili nywila ikivuja mtu asifute kitu. Na nakala ya akiba ya kila usiku iwekwe kwenye diski nyingine, si ileile ya seva.

Nyota niliyoibakiza ni ya stoo yetu ya Tabata. Wao hawako kwenye mtandao wa ofisi, na fundi amekataa katakata kuifungulia ile poti intaneti nzima. Kwa hiyo kila jioni wananitumia picha ya daftari WhatsApp, nami naingiza mmoja mmoja, huku nikiwauliza kama ile ni 1 au 7.