DWDS yapimwa kwa neno la kitunguu saumu

Kwa anayetafuta asili ya neno la Kijerumani bila kulipa, mahali pa kuanzia ni DWDS, kamusi ya mtandaoni ya Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg. Hazina yake ni sehemu ya Etymologie, iliyotoka katika kamusi ya Wolfgang Pfeifer. Tuipime kwa Knoblauch, yaani kitunguu saumu.

Andika neno, pita maana zake, teremka hadi Etymologie. Utakuta aya moja iliyoshonana, na vifupisho ndivyo huwachosha wengi: ahd. ni Kijerumani cha Juu cha kale, takriban 750 hadi 1050, mhd. ni cha kati, hadi kama 1350, Jh. ni karne. Nyota mbele ya neno ina maana umbo hilo halijakutwa kwenye maandishi, wataalamu wamelikadiria kwa kulinganisha lugha. Usilinukuu kama neno lililosomwa kwenye hati.

Sasa utamu wenyewe. Umbo la kale ni klobalouh. Louh ndiyo Lauch ya leo, jina la mimea ya jamii ya vitunguu, ndugu wa leek ya Kiingereza na lök ya Kiswidi. Kipande cha kwanza ni cha ukoo wa klioban, kupasua. Basi ni kitunguu kilichopasuka, na ukimenya kimoja unaona kwa nini: punje zimeachana zenyewe ndani ya ganda. Mbona leo kinaanza na Kn? Neno lilikuwa na l mbili, ulimi ukapata taabu, ya kwanza ikageuka n. Kiholanzi nacho hivyo hivyo: cloflooc ikawa knoflook. Anayeanzia umbo la leo hupotea hapa, akaenda kulihusisha na Knolle, kiazi.

Maelezo yote ni ya Kijerumani, na ukiyapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, vifupisho na maumbo ya kale huvurugika kirahisi. Bora uandike vifupisho kumi vya kwanza kwenye karatasi, usome polepole.

Kwa Kiingereza chukua kamusi nyingine, na uwe macho. Garlic, yaani kitunguu saumu, ni gār, mkuki, pamoja na lēac, umbo la kale la leek. Clove ikiwa punje ya kitunguu saumu ni ya ukoo ule ule wa kupasua. Clove ikiwa karafuu, hii ya Unguja na Pemba, imetokana na clou ya Kifaransa: msumari.