AC na sola kwa chumba cha kulala Dar es Salaam: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar haipoi hata usiku. Saa nne usiku feni inazungusha hewa ileile nzito na shuka zina unyevu kabla hujalala. Ndiyo miezi ambayo watu wanaingia Kariakoo na hela mkononi na kutoka na mashine isiyowafaa. Wengine wanabeba AC kubwa kuliko chumba, wengine kipoza hewa cha maji, na wengine mtambo mzima wa sola walioahidiwa kwamba utafuta bili. Jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kulisema ni kwamba jua linawaka mchana, na wewe unataka baridi usiku. Tumepanga machaguo haya kwa kuanzia hapo.

Bei za vifaa hatuzitaji, maana zinapanda na kushuka na dola. Tunapima kwa uniti za LUKU (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Ukiwa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, Sh 1,000 inakupa uniti 2.8, sawa na Sh 357 kwa uniti, kodi na tozo zikiwa ndani. Ukiwa D1, ile ya nyumba zenye matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni Sh 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo ni Sh 350. AC moja inayolala ikiwaka kila usiku inamaliza uniti 90 hadi 105 kwa mwezi, kwa hiyo ukishafunga AC, sahau hesabu za D1.

Kabla ya mashine yoyote: chumba chenyewe

Chumba chenye bati juu na dari ya jipsamu tupu kinapokea joto la paa mpaka usiku. Tandaza sufi ya kioo au foili yenye povu juu ya dari, ziba uwazi chini ya mlango, na dirisha la aluminiamu linalotazama magharibi liwekee pazia zito au kivuli cha nje. Kivuli cha nje ni bora, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia ndani. Kazi hii inaweza kukushusha kutoka AC ya BTU 12,000 hadi 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza), na tofauti hiyo utaiona kwenye LUKU kila mwezi.

Nafasi ya kwanza: AC ya inveta ya BTU 9,000, gesi ya R32, ikisaidiwa na pangaboi

Kwa chumba cha kulala cha kawaida hakuna kinachoishinda. Kupata ukubwa, zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha mara 600. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 kinatoa 7,350, kwa hiyo 9,000 inatosha na kubaki. Kama ni chumba cha juu kabisa, chenye jua la jioni na dari isiyo na kinga, zidisha kwa 800.

Usishawishike kuchukua kubwa ili "ipooze haraka". AC iliyozidi chumba inafikia nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, kompresa inazima, na maji yaliyomo hewani yanabaki hewani. Unapata chumba cha baridi lakini chenye unyevunyevu, ngozi inanata, unashusha hadi nyuzi 18 na bado hujisikii vizuri. Kwa jiji la pwani kama hili, kazi ya kutoa unyevu ni sawa na kazi ya kupooza.

Tofauti ya inveta na AC ya kawaida ni kompresa. Ya kawaida inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena. Ya inveta inaanza kwa wati 800 hivi, na chumba kikishapoa inapunguza mwendo hadi wati 250 hadi 400. Kwa saa nane za usiku, ikiwekwa nyuzi 26 na pangaboi likizunguka polepole, hesabu uniti 3 hadi 3.5, yaani takriban Sh 1,100 hadi 1,250. AC ya kawaida ya ukubwa huohuo itakula kati ya 4.5 na 5. Pangaboi la mota ya kisasa isiyo na brashi linakula wati 30 hivi, lile la zamani 70 hadi 80. Upepo wake unakuruhusu kukaa nyuzi 26 badala ya 23 bila kuona tofauti.

Dukani, soma kibandiko cha mashine ya nje. Tafuta gesi ya R32, au R410A kama R32 haipo. Iliyoandikwa R22 iache, hata kwa nusu bei, maana ni gesi inayoondolewa sokoni duniani kote na mafuta yake ya kompresa ni mengine. Angalia pia kiwango cha chini cha umeme ambacho mashine inavumilia, kwa sababu mitaa mingi inashuka chini ya volti 200 jioni. Ukikaa Msasani, Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni karibu na bahari, mapezi ya mashine ya nje yawe yamepakwa kinga ya rangi ya bluu au dhahabu, na fremu ya kuibeba ukutani iwe ya chuma kisichoshika kutu au iliyopakwa zinki kwa moto. Fremu ya chuma cha kawaida iliyopigwa rangi tu, chumvi inaila kimyakimya kwenye mashimo ya bolti, na siku ikikatika inadondoka na mashine.

Ufungaji ndio unaoua AC nyingi hapa mjini. Mpe fundi masharti haya kabla hajapanda ngazi:

Mabomba ya shaba yawe mapya, kwa kawaida robo inchi na tatu ya nane kwa BTU 9,000, kila moja limevikwa sponji lake. Yasipungue mita 3. Gesi inayokuja na mashine kiwandani mara nyingi inatosha mita 5 au zaidi kidogo. Zikizidi, gesi ya ziada ipimwe kwa mizani, gramu kama 20 kwa kila mita, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza.

Hewa ya ndani ya mabomba itolewe kwa pampu ya vakyumu, dakika 20 hadi 30, kisha geji iachwe dakika 10 kuona kama sindano inapanda. Mafundi wengi wanafungua gesi kidogo "kupuliza hewa" na kufunga nati. Hewa ya Dar ina maji, na maji hayo yakikutana na mafuta ya R32 yanatengeneza asidi. AC itapooza vizuri mwaka wa kwanza, kisha kompresa itaungua na fundi atasema umeme ndio mbaya.

Waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye ubao wa umeme moja kwa moja, na breka yake peke yake. Kabla ya AC weka kinga ya voltegi yenye kuchelewesha dakika 3 baada ya umeme kurudi. Mara nyingi kadi ya AC, yaani ubao wake wa kielektroniki, inaungua pale umeme unaporudi kwa kishindo.

Na jambo moja la kukumbuka miaka yote: gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Fundi akikuambia kila Januari "iongezwe gesi", kuna mahali inavuja, na mara nyingi ni kwenye nati za kuungia mabomba. Mwambie apake maji ya sabuni pale na atazame mapovu.

Nafasi ya pili: AC hiyohiyo, paneli nne na betri moja ya lithiamu

Hii ni ya nyumba ambayo umeme unakatika mara kwa mara, au ambayo watu wapo mchana. Chukua paneli nne za wati 550, inveta ya haibridi ya kilowati 5 ya volti 48 (si ile ya ndani ya AC, bali kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani na kuuunganisha na wa LUKU), na betri ya lithiamu ya volti 51.2, Ah 100, yaani uniti 5.12.

Kwa jua la Dar, hesabu saa nne na nusu za jua kamili kwa siku, chini ya hapo Aprili masika yakikolea. Ukitoa hasara za joto, vumbi, waya na inveta, paneli nne zinakupa uniti 7 hivi kwa siku. AC ya usiku inahitaji 3.5, inveta inapoteza kidogo na yenyewe inakula wati 50 hivi hata ikiwa haina kazi, kwa hiyo betri itatoa 4.3. Betri ya 5.12 usiyoikausha inakupa 4.6. Inatosha kwa kubanabana, na friji haimo. Weka mpangilio wa inveta irudi LUKU betri ikifika asilimia 10, la sivyo utaamshwa saa kumi usiku chumba kikiwa kimya na cha moto.

Kwa nini paneli nne wakati hesabu ya AC inaridhika na tatu? Inveta nyingi za aina hii zinahitaji angalau volti 120 kutoka kwenye paneli ili zifanye kazi. Paneli tatu zilizoungwa mfululizo, moja ikifuata nyingine, zinaandikwa takriban volti 125, lakini hiyo ni maabara, kwenye nyuzi 25. Juu ya bati la Tabata saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 na zaidi, na volti zinashuka kwa zaidi ya asilimia 10. Tatu zinabaki na 110, na mtambo unazimika jua likiwa kali kuliko wakati wote. Mteja anaambiwa inveta ni mbovu, anabadilishiwa, na tatizo linarudi. Nne mfululizo zinabaki karibu 147 na hakuna shida.

Sasa malipo. Mtambo ukitumika kwa AC ya usiku peke yake, unaokoa uniti 105 kwa mwezi, Sh 37,500. Ukipewa ankara ya milioni 4.5, ni miaka 10 kuirudisha. Lakini uniti 2.5 hivi zinazobaki kila mchana zikiendesha friji, pasi, pampu ya maji na kompyuta, akiba inafika kama uniti 180, Sh 64,000, na ankara hiyohiyo inarudi kwa miezi 70. Matumizi ya mchana ndiyo yanayolipa sola. Nyumba inayofungwa saa kumi na mbili asubuhi na kufunguliwa saa moja jioni haina sababu ya kukimbilia hapa, labda kwa ajili ya umeme unaokatika.

Paneli za uongo ni nyingi, na kipimo chake ni futi kamba. Jua kali linaleta wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri zilizozoeleka sokoni zinageuza kama asilimia 22. Kwa hiyo mita moja ya mraba haiwezi kuzidi wati 220 au 230. Paneli halisi ya 550 ina urefu wa karibu mita 2.28, upana 1.13, na uzito wa kilo 27 au 28. Ukiona kipande cha mita moja ya mraba kimeandikwa wati 400, rudisha hela mfukoni. Betri nayo ipimwe kwa mkono: lithiamu ya uniti 5 ina kilo 40 na ushee, na nyepesi kama begi la nguo imejazwa nusu.

Juu ya paa, paneli zitazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe, ziinuke sentimita 10 kutoka kwenye bati zipate hewa, na zikae mbali na kivuli cha mnazi au mnara wa tenki la maji. Breka ya upande wa paneli lazima iwe ya umeme wa DC. Ile ya kawaida ya nyumbani haikati cheche ya DC. Inayeyuka na kuwasha moto. Waya wa betri usipungue milimita 25 za mraba, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na risiti ya EFD uitunze pamoja na karatasi ya dhamana.

Nafasi ya tatu: AC ya sola ya moja kwa moja, bila betri

Paneli zinaingia kwenye mashine yenyewe, na upungufu unajazwa na umeme wa TANESCO. Kwa duka, saluni au ofisi ya Sinza inayofunguliwa saa tatu na kufungwa jioni, hii inapanda nafasi ya kwanza, kwa sababu jua na joto vinakuja pamoja na hununui betri. Kwa chumba cha kulala haina faida. Uliza kwanza kama kadi yake inapatikana nchini, maana si ile ya AC ya kawaida.

Nafasi ya nne: AC ya kawaida isiyo ya inveta

Inafaa chumba cha wageni kinachowashwa mara chache. Ukifikiria sola baadaye, usiinunue. Kompresa yake ikianza inavuta umeme mara nne hadi sita ya kawaida, na inveta ndogo itakata kila inapowaka.

Za kuacha dukani

AC ya magurudumu yenye bomba moja inatupa hewa nje na kuvuta hewa ya moto kupitia mlango na madirisha. Kipoza hewa cha maji kinafanya kazi Dodoma, kwenye hewa kavu. Dar kinaongeza unyevu juu ya unyevu. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anunue pangaboi zuri na abaki na chenji.

Kama unajenga Njombe, Makete au Mufindi

AC hiyohiyo yenye valvu ya kugeuza inapasha joto: inachota joto la nje na kuliingiza ndani, ikitoa takriban uniti 3 za joto kwa kila uniti ya umeme, wakati hita ya koili inatoa uniti moja tu. Asubuhi za Juni na Julai mashine ya nje itaganda barafu, kisha itasimama dakika chache kuyeyusha, si ubovu. Kwa nyumba ya Dar, usilipie nyongeza ya "joto na baridi".

Matunzo

Chujio la ndani lioshwe kila wiki mbili. Mashine ya nje imwagiwe maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya miezi mitatu, kila mwezi ukiwa karibu na ufukwe. Maji ya kisima cha chumvi nayo yanaila. Bomba la maji machafu la ndani lipulizwe kabla ya Desemba, maana likiziba, maji yanashuka ukutani na kuingia kwenye soketi iliyo chini yake.