Nyota nne kwa fundi wa seva, Oginga Odinga Street, Kisumu

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaieleza nikifika kwenye risiti.

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla la dawa za mifugo Kakamega. Programu yetu ya stoo ni ya zamani, inakubali Windows Server 2008 R2 tu (toleo la Windows la seva), na aliyeitengeneza hapatikani tena. Diski ya seva ilipokufa, kila fundi niliyempigia alinishauri tuhamie toleo jipya. Ushauri mzuri, ila bei ya programu mpya ya stoo huwezi kuitaja mbele ya bosi wangu. Basi nikailipia seva kiti chake kwenye matatu, tukateremka Kisumu.

Nilikuja na flashi niliyopewa na fundi mwingine, yenye faili la ISO, yaani nakala nzima ya diski ya kuwekea Windows. Kijana wa hapa hakuigusisha na seva. Aliichomeka kwenye laptopu isiyo na intaneti, akaandika amri certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA1, ambayo ni njia ya kukokotoa hashi. Baada ya muda ikatoka hashi, mstari wa tarakimu na herufi 40 ulio kama alama ya kidole ya faili: faili likibadilishwa hata kidogo, nao hubadilika. Akanisomea ile rasmi ambayo Microsoft iliwachapishia wateja wake wa MSDN (huduma yake kwa watengenezaji programu), mimi nikifuatisha kwa kidole kwenye skrini. Hatukufika mbali, zikatofautiana.

Nikamwonyesha karatasi niliyopewa pamoja na flashi: hashi iliyonakiliwa kutoka tovuti ile ile faili lilikopakuliwa, na hiyo ililingana kabisa. Akacheka. "Mama, aliyechezea faili ndiye aliyeandika na hiyo nambari. Mshtakiwa hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe."

Kilichonivutia zaidi ni hiki. Alifungua lile faili, akabofya setup.exe, programu inayoanzisha uwekaji wa Windows, kwa kitufe cha kulia, akaingia kwenye sahihi za kidijitali. Jina la Microsoft lipo, sahihi ni halali! Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini sahihi ile inailinda setup.exe peke yake. Windows yenyewe imefungwa ndani ya install.wim, kwenye folda ya sources. Mtu anaweza kuifungua hiyo, akapachika vitu vyake, akaifunga tena bila kuigusa setup.exe. Sahihi inabaki safi. Hashi ya ISO nzima ndiyo inayomfichua.

Kuhusu kibandiko cha leseni ubavuni mwa seva, alisema kinathibitisha tulilipa. Kuhusu faili hakisemi lolote.

Wajuaji watasema SHA-1 ilishavunjwa. Nilimuuliza. Ni kweli mwaka 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitengeneza faili mbili tofauti zenye SHA-1 moja, lakini zote mbili waliziunda wao. Kutengeneza faili bandia lilingane na hashi iliyochapishwa zamani ni kazi nyingine, ngumu mno. Hata hivyo, panapopatikana hashi ya SHA-256, njia mpya na imara zaidi, yeye hutumia hiyo.

Mwishowe alitoa nakala yake mwenyewe, akaipima mbele yangu, herufi zote zikakubaliana, ndipo akaanza kazi. Hakunificha pia kwamba faili halisi si kinga: msaada wa Microsoft kwa toleo hili, ukiondoa ule wa kulipia zaidi, uliisha tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo aliikata seva intaneti kabisa, sasa inaongea na kompyuta za kaunta tu.

Sasa risiti. Waliandika "kuweka Windows" na bei, basi. Nilitaka jina la faili, hashi yake na ilikotoka hiyo hashi, maana mkaguzi wetu ataniuliza. Ilibidi nibishane na dada wa kaunta mpaka fundi akaja kuandika kwa mkono nyuma ya karatasi. Kazi safi namna hii, mbona msiichapishe?

Lifti hakuna. Kama seva yako ni nzito, piga simu kwanza, wana kijana wa kubeba.