Kundi la dansi la wenye Down hapa London: uzoefu wangu kama dada mtu

Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeibana na ntasema kwa nini. Mdogo wangu ana Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu (vibeba urithi vya mwili) moja ya ziada, ni mtu mzima, ndevu anazo, na muziki anaupenda kuliko chakula, na chakula anakipenda kweli kweli. Tunaishi mashariki ya London na yuko kwenye kundi moja la dansi la mtaani, wachezaji wote wana Down, sio darasa la kupitisha muda, ni kundi kabisa, mazoezi kila wiki na jukwaani wanapanda. Jina siliweki hapa maana kuna mambo ntayasema, anayelitaka aniulize pembeni.

Kwanza fomu. Kabla hajacheza hata hatua moja walinipa fomu ndefu kama ya viza: moyo (karibu nusu ya wenye Down wanazaliwa na shida ya moyo, yeye alifanyiwa opresheni akiwa mchanga), masikio, macho, halafu shingo, na kwenye shingo ndo walikomaa haswa. Si unajua watu hawa viungo vyao vinalegea, mdogo wangu anakaa msamba bila kufundishwa na kila mgeni anamsifia, sasa ulegevu huo huo unaweza kuwepo kwenye zile pingili mbili za juu kabisa za shingo, na hapo sio sifa tena. Ndo maana pale hakuna kupiga sarakasi wala kuviringisha kichwa, na walitukalisha wakatuambia ukiona shingo inamuuma, mwendo umebadilika, mikono imeishiwa nguvu au ameanza kujikojolea wakati hakuwa hivyo, unasimamisha kila kitu unaenda hospitali. Hapa Uingereza hata jimnastiki hawamchukui mtu mwenye Down bila kuangaliwa shingo kwanza. Kwa hiyo kama kuna mtu kafungua kundi huko mtaani kwako na hajakuuliza habari ya shingo, mi ningeondoka.

Sasa ufundishaji. Mwalimu hahesabu moja mbili tatu mpaka nane kama madarasa mengine, kwa sababu wengi wao wanashika kwa macho kuliko kwa masikio, ukiwapanga maelekezo matano ya mdomo mfululizo la kwanza limeshapotea. Anasimama mbele anafanya, wanamwangalia, wanafanya, basi. Halafu kila mmoja analeta cha kwake. Mdogo wangu akaleta mduara, ule wa harusini kwetu Tanga, kiuno chini magoti yamekunjwa mikono hewani, mwalimu akamwambia rudia, akarudia, akamwambia haya wafundishe wenzako. Yani sasa hivi kuna kipande kizima cha shoo wazungu watu wazima wanakata mduara nyuma ya mdogo wangu, na wanakata vizuri, isipokuwa kaka mmoja mrefu hivi ambaye mpaka leo anatikisa mabega tu.

Lakini kilichonikosha kuliko vyote ni kwamba wanasahihishwa. Huyu mtu maisha yake yote anapigiwa makofi, akifungua mlango makofi, akivaa viatu mwenyewe makofi. Pale akichelewa kuingia anaambiwa umechelewa, rudi mwanzo. Mara ya kwanza alinuna, akakaa chini akakunja mikono, mi nachungulia kwenye kioo cha mlango roho juu, na mwalimu wala hakumbembeleza, kaendelea na wengine. Wimbo haujaisha kanyanyuka mwenyewe karudi kwenye mstari wake. Ndugu hatuingii ukumbini, tunakaa kwenye benchi la koridoni, kuna mama mmoja analalamika kila wiki, mi naona sheria nzuri sana maana tukiingia tunaanza kuwajibia maswali yao.

Haya, ile nyota. Shoo kubwa wanaiweka Machi karibu na tarehe 21, siku ya Down duniani ambayo Umoja wa Mataifa unaitambua toka 2012, na tarehe yenyewe imechaguliwa kwa sababu wenye Down ile kromosomu ya 21 wanayo tatu badala ya mbili. Sina ugomvi na siku. Ila kabla taa hazijazimwa anapanda mtu na maiki anatuhubiria jinsi tutakavyoguswa, soksi zisizofanana, ndo alama ya siku hiyo, zinagawiwa mlangoni, watu leso tayari mkononi, na dansi haijaanza! Ikianza sasa, mtu akikosea makofi, akipatia makofi, yale yale. Wamesahihishwa miezi yote ya nini? Drag Syndrome, kundi la drag (yale maonyesho ya kuvaa na kuigiza jinsia kwa mbwembwe) walioanza hapa hapa London 2018, wachezaji wao wote wana Down na wanapanda na mawigi na vipodozi vyao, watu wanapiga kelele kama klabu yoyote ile, halii mtu. Kwa upande huo kundi letu wana la kujifunza.

Bei kama pauni kumi kwa kipindi, sio mbaya, ila risiti zao zinachelewa na kama unalipia kwa hela ya matunzo inayotolewa na halmashauri utasumbuliwa wewe sio wao, dai risiti siku hiyo hiyo. Wanacheza pekupeku na sakafu ya ule ukumbi msimu wa baridi ni barafu, mbebee soksi zenye mpira chini. Kama mko kusini ya mto Thames, Magpie Dance wako Bromley na wapo toka 1985, na Corali wapo toka 1989, hao wanachukua wenye ulemavu wa kujifunza kwa ujumla sio Down peke yake, nimeona kazi zao kama mtazamaji tu na nimezipenda. Huku kwetu foleni ya kuingia ni ndefu, andikisha jina mapema, na ile sehemu ya shingo kwenye fomu usijaze mwenyewe, mpelekee daktari wake aandike.