Walinikagulia cheni ambayo haipo

Naanza na karatasi maana ndiyo iliyonitia hasira mpaka leo. Kwenye risiti nzuri ya rangi ya gereji iliyonifanyia sevisi ya gari, katikati kabisa, kuna mstari umeandikwa "taimingi cheni: imekaguliwa, iko sawa". Ina tiki. Ina sahihi ya fundi na chini yake sahihi ya supavaiza. Gari yangu haina taimingi cheni, ile inayoendesha valvu za injini. Ina zaidi ya miaka kumi haina. Sasa mniambie hawa watu waliingiza kichwa wapi wakaona cheni.

Gari yenyewe ni Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, ya marehemu baba. Ile injini yake ya petroli ilikuwa inakunywa kama ina machungu, baba akachoka, akampelekea mzee mmoja wa Temeke akamtupia humo 3L ya Toyota, zile dizeli za Hilux na Hiace zinazotumia beliti badala ya cheni, mtumba. Mzee alichongesha pleti ya kuunganishia injini ya Mjapani na gia boksi ya Mwingereza, akabana, ikakaa, na mpaka leo haijawahi kunitetemesha. Kadi ya gari bado inasema cc 2286, iliyomo ndani ni cc 2779. Kitu ambacho watu hawaelewi ni kwamba kuiweka injini ndio kazi rahisi, kazi ni miaka inayofuata. Ukienda kununua klachi lazima ununue presha pleti ya Toyota na klachi pleti yenye meno ya shafti ya Land Rover, ukichukua seti nzima ya huku au ya kule unarudi nyumbani na mzigo usioingia. Alteneta ina pampu ya vakyumu kwa nyuma inayovuta hydrovac, kile kifaa cha kulainisha breki, fundi umeme akikubadilishia akakuwekea nyingine isiyo na pampu taa zitawaka vizuri kabisa ila breki utakanyaga kama unakanyaga tofali. Haya yote nayajua. Nimeyajua kwa kuumia.

Mzee wa Temeke alishafariki. Kwa hiyo pale nilipojiandaa kwenda Arusha kwenye lile tamasha la Land Rover la 2024 nikasema safari hii naipeleka sehemu ya watu wasomi, gereji ya kisasa, ina vigae, ina viti vya ngozi, wanakupa chai na biskuti. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Kaunta nikamkuta dogo mmoja kachomekea, tableti mkononi. Hata shikamoo hana. Mimi ndo nikamsalimia, mambo vipi mdogo wangu, akajibu "gari gani" bila kunyanyua macho. Nikamwambia Land Rover 109, lakini injini humo ni ya Toyota, thrii eli. Akaanza kuchapa. Kwenye tableti yake hamna 109, kuna Defender, Discovery, Freelander. Akaweka Defender. Nikamwambia sio Defender hiyo, jina la Defender limeanza 1990, hii ni ya zamani zaidi, halafu narudia tena injini ni Toyota. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza, akaangalia kadi, akasema, "Mzee, kadi inasema Land Rover."

Nikasema kadi inasema bodi, mwanangu, ndani kuna kitu kingine.

"Mzee sisi tunafuata kadi."

Basi. Wateja wengine kwenye viti vya ngozi wakatabasamu, na mimi nikajiona mshamba niliyeleta mbuzi hospitali ya watu. Nikanyamaza nikanywa chai. Chai yao nzuri, hilo siwaonei.

Baada ya nusu saa fundi akatoka stoo kashika elementi ya filta ya oili, ile ya karatasi inayoingia kwenye kopo, ya injini ya zamani ya Land Rover. Sijui hata waliitoa wapi maana siku hizi kuipata ni bahati. Akainama chini ya boneti, akakaa kama dakika tano, akarudi stoo kimya kimya akaja na filta ya kufunga kwa mkono, ya Toyota. Yaani fundi ALIJUA. Mikono yake ilijua. Alishika filta ya Toyota akaifunga kwenye injini ya Toyota halafu akaenda kwenye karatasi akatia tiki kwenye cheni kwa sababu karatasi ilikuwa na kiboksi cha cheni. Mimi hapo ndipo ninapopandwa na mori kila nikikumbuka, kwa sababu asiyejua unaweza kumsamehe.

Wakanichaji laki tatu na themanini. Shafti za propela hawakuzigusa na grisi, zile nipo za kuingizia grisi zilikuwa na vumbi vilevile, nikazipiga mwenyewe nyumbani jioni nimevaa msuli.

Safari tumepita Bagamoyo tukatokea Msata, mimi, shemeji yangu na wanangu wawili nyuma na mablanketi. Mwendo 80, hiyo gari haina haraka. Tulipoikaribia Mkata injini ikazima kama umeme wa LUKU ulioisha, hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna kubisha hodi. Nikaserereka mpaka pembeni. Nikapiga stata, ikazunguka haraka na nyepesi mno, vuuu, haibani popote, na mtu yeyote aliyewahi kumiliki dizeli akisikia mlio ule tumbo linamshuka.

Tukampata kijana fundi wa pale Mkata, kaja na bodaboda na spana zake kwenye kiroba. Kafungua kava la mbele, kaingiza vidole, katoa kipande cha beliti. Meno yameliwa sehemu kama upana wa kiganja, safi kabisa, kama mtu aliyenyoa. Akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, hii mara ya mwisho umebadilisha lini?" Nikamwonyesha ile risiti, tena nakumbuka niliitoa kwa mbwembwe nikijua naye atakasirika. Akaisoma kwa tochi ya simu. Akasema, "Hapa wameandika cheni." Akanirudishia. Hakucheka, na mimi nilitamani acheke.

Tamasha nililiangalia kwenye simu. Misururu ya 109 za watu, zimepakwa rangi, zinapiga honi, na yangu iko juu ya brekidauni iliyotoka Chalinze kwa laki saba. Beliti ikiliwa meno pistoni zinagonga valvu, na hedi ilipofunguliwa Dar, katika valvu 8 zilizopona ni 3.

Sasa niliporudi pale gereji nilikuwa nimeshapanga maneno, nimeyafanyia mazoezi kwenye daladala. Meneja akanikaribisha ofisini, mtu mzima mwenzangu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaangalia risiti muda mrefu, akasema tumekosea mzee. Hivyo tu. Mimi nilijiandaa na ubishi sikujiandaa na hilo. Akamwita yule dogo wa kaunta, dogo akasimama mlangoni, akasema samahani baba, na safari hii shikamoo ilikuwepo. Wakalipa kuchubua hedi na nusu ya valvu. Nikatoka pale nimepoa, nikasema hapa nitawapa nyota tatu badala ya moja.

Halafu usiku nikapandwa tena, nikarudi kwenye moja. Nusu ya valvu! Kwani nusu nyingine zilipinda zenyewe?

Lakini kuna jambo bado sijalisema, na shemeji amesema nisipoliandika ataliandika yeye. Toyota wenyewe wana akili, kwenye dashibodi za zile dizeli zao kuna taa imeandikwa T-BELT, ukifika kilomita 100,000 inawaka kukukumbusha. Mimi dashibodi yangu ni ya Land Rover, taa hiyo ilibaki Japani au iliishia kwenye skrepa. Kilomita ninazoziona zinatoka kwenye gia boksi ya Land Rover, ni umri wa gari, injini ilikuja mtumba na umri wake hakuna aliyeujua. Mzee wa Temeke alilijua hili. Alichukua rangi nyeupe na kijiti akaandika juu ya bati, ndani kabisa karibu na betri: 3L, tarehe aliyofunga beliti, na kilomita za kuibadilisha. Herufi kubwa mbaya mbaya kama za mtoto wa chekechea. Nilikuwa naziona kila nikipima oili.

Na mimi ndiye niliyepeleka gari kupakwa rangi kabla ya tamasha. Kijani kipya, nje na ndani ya boneti, nikawaambia vijana wa rangi msiache doa. Hawakuacha. Juzi nimechukua msasa nimekwangua pale taratibu, nimepata "3" na nusu ya "L", zilizobaki zimekwenda na rangi.

Kwa hiyo kama una gari la aina hii nikwambie uende pale au usiende? Ukitaka uongozi unaokubali kosa, nenda. Ukitaka mtu akusikilize kaunta ukimwambia kilichomo ndani, sijui, labda yule dogo kajifunza, labda kamfundisha na mwingine. Kazi ya kufunga beliti mpya sikuwapa wao, nilimpandisha basi kijana wa Mkata akaja Dar siku mbili akalala kwangu. Alipomaliza nikampa maka peni nikamwambia andika wewe, akaandika, mwandiko wake nao mbaya vilevile.

Gereji walinipa na kuponi ya sevisi moja ya bure. Iko kwenye dashibodi, inaisha mwisho wa mwezi huu, na oili nayo imeshaanza kuwa nyeusi. Mama watoto kaniuliza mara mbili kama nitaitumia nikajifanya sijasikia.