Dei kea ya Gungu, Kigoma: uzoefu wangu kuhusu magonjwa ya kuambukiza

Ukitafuta dei kea hapa Kigoma mjini, usianze kuuliza ada. Angalia kwanza watoto wananawa wapi. Hapa tunapompeleka binti yetu, Gungu, kuna vibuyu chirizi nje ya choo, sabuni imening'inizwa kwa kamba, na mlezi anasimama palepale mpaka kila mtoto amalize viganja, katikati ya vidole na kucha. Beseni la pamoja hawana, na nawapongeza, maana kwenye beseni wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake wote, na kuhara kunaanzia hapo.

Asubuhi mtoto anakaguliwa mlangoni: macho, ngozi, joto la mwili. Mwenye homa, anayeharisha au mwenye macho mekundu yenye tongotongo anarudi na mzazi wake. Najua inauma ukiwa unawahi sokoni Mwanga, na wapo wazazi wanaogomba pale getini. Mimi niko upande wa walezi.

Tetekuwanga ilipoingia, wazazi wote tulipata ujumbe siku ileile, mtoto hakutajwa jina. Ugonjwa huu huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele kutokea, na dalili zinaweza kuchelewa hadi wiki tatu, kwa hiyo kuficha hakumsaidii mtu. Mlezi aliniambia, "Mama, mwangalie na mdogo wake nyumbani." Aliyeugua alirudi malengelenge yote yalipokauka na kufanya magamba. Uwazi huo ndio ulionifanya niwaamini.

Kuandikisha ni lazima uje na kadi ya kliniki. Wanakagua hasa chanjo ya surua na rubela, ya miezi 9 na ile ya miezi 18, ambayo wengi tunaisahau mtoto akishaanza kukimbia. Kama haipo, wanakuelekeza kliniki kwanza. Chanjo ni bure, jamani, mpelekeni mtoto.

Kasoro zipo. Magodoro ya mchana yamebanana, watoto wanakoholeana usoni. Niliomba wawalaze mzungu wa nne. Walifanya kwa muda, wakaacha. Kubwa zaidi, meza ya kubadilishia pampasi iko karibu mno na jiko la uji. Hilo nimewaambia mara kadhaa na bado halijarekebishwa, ingawa kuihamisha hakuhitaji hela.

Binti yangu anaendelea kwenda. Nyota nne kati ya tano, ya tano inasubiri ile meza ihame.